Amina ya Masika

Kahindo wangu,

Umetoka kwenda kuaga mashangazi zako, na ninawajua wale: hakuna nyumba itakayokuachia upite bila kukulisha. Donc alasiri yote ni yangu. Nimekaa kwenye meza ya depo, pembeni ya mizani, mlango uko wazi, na banamama wanachagua kahawa ya Kirumba iliyoingia Jumamosi. Naandika Kiswahili cha shule kama walimu wa misioni walivyonifundisha, lakini ulimi wa Butembo ukinivuta katikati, na donc na mais zake za Kifaransa, usinicheke.

Sitakuandikia habari za sweta. Huko Mavivi unakokwenda, upande wa Beni, kuna joto, utaiacha ndani ya begi. Wala habari za chandarua, wala za kutotembea barabarani jua likishazama. Hayo nimekuambia mara saba, na ya nane nitakuambia kesho gari likiwa limewashwa. Nataka kukuambia jambo la jana mezani.

Jana baada ya ibada tulikula watatu, wewe, mimi na Masika. Nilikuuliza kama umemaliza karatasi za mikataba ya wafanyakazi wa depo yako mpya ya kakao, wale mama kumi na wanne watakaochagua mbegu, pamoja na Masika atakayekwenda nawe kuwa kapita wao, msimamizi wa kazi. Ukajibu za wale kumi na wanne ziko tayari, zimepigwa muhuri. Kisha ukamwekea Masika mkono begani, ukasema: "Tantine Masika, miye naye hatuna lazima ya contrat. Ule ni mama yangu. Tutaelewana tu."

Masika alikuwa anakata bugali. Hakuinua macho. Akasema, "Amina."

Wewe ukacheka, ukambusu shavuni. Mimi nikaacha kula. Ulidhani ni tumbo langu, ukaniletea maji ya moto, na nilikunywa ili usiniulize. Haikuwa tumbo. Ile Amina naijua, mwanangu. Niliisikia mara moja tu kabla ya jana, miaka kumi na minane iliyopita, na mimi ndiye niliyeitoa kinywani mwake.

Unakumbuka sala zetu za asubuhi hapa depo. Kabla ya kufungua gunia hata moja tulikuwa tunasimama duara katikati ya kahawa, wimbo mmoja, kisha mimi naomba. Wakati wa likizo ulikuwa unasimama mbele yangu umeshika kitenge changu, na Amina yako ilikuwa ya kwanza, tena ya juu kuliko zote. Wale mama walikupenda sana kwa hiyo.

Namna ile ya kuomba niliitoa kwa shangazi yangu wa Kayna, aliyenifundisha biashara. Yeye alikuwa hamgombezi mtu. Alimuombea. Mtu akichelewa, shangazi anafunga macho na kumkumbusha Mungu kwamba kuna watoto wake ambao jua linawapita kitandani. Mimi nikaona hiyo ni akili kubwa. Watu wanasema Mama Kahindo ana mdomo, na ni kweli, ninaweza kubishana na dereva wa lori tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana juu ya gunia moja lililolowana. Mais neno gumu, lile la kumwambia mtu ninayemjua, huku ananiangalia, hilo silijui kulitoa. Koo linafunga. Basi nikawa nalitoa kwa Mungu. Nilimwomba awape watu wake roho ya kunawa mikono kabla ya kugusa kahawa, na wote wakajua ni nani asiyenawa. Nilimwomba amsaidie dada yetu ambaye anaongea kuliko anavyochagua. Wote wakasema Amina, na huyo dada naye. Nani atakatiza sala? Kazi iliendelea kimya, nami nikajiona mama mpole, mama asiyefokea watu. Hata wewe sikukuacha. Nilikuombea hesabu zako mbele ya wageni kabla ya kula, machozi yako yakaingia kwenye wali. Unisamehe na hiyo pia.

Masika alifika kwetu akiwa msichana, wewe hujaanza hata kutambaa. Alikubeba mgongoni mwaka mzima na zaidi. Ukimwona anatembea ameinama kidogo upande wa kushoto, mimi husema huyo ni Kahindo bado yuko pale. Alipoolewa nikamwingiza hapa depo. Karatasi? Karatasi gani. Wengine nao hawakuwa nazo, lakini kwa Masika ingekuwa hata aibu kuitaja. Ni mtu wa nyumba, na ukimwandikia mtu wa nyumba karatasi, si unamwambia wewe si wa nyumba? Ndivyo tulivyowaza wengi hapa Butembo, na wenye maduka makubwa kuliko langu waliwaza hivyo hivyo. Siku yangu nzuri alikuwa binti yangu, siku yangu mbaya alikuwa mfanyakazi wangu. Leo ni siku ipi, aliyeamua ni mimi.

Akazaa mtoto wake wa kwanza, huyu Kavugho unayemjua. Akakaa nyumbani wiki chache, sikumbuki ngapi, na kutokukumbuka kwangu peke yake kunakuonyesha. Akarudi kazini. Mimi nilikuwa nimekataza watoto wachanga kuingia depo kwa ajili ya vumbi la kahawa. Hilo sijutii, vumbi lile linawakohoza hata wakubwa. Ninachojuta ni kwamba nilikataza, nikaishia hapo. Sikujiuliza mama mwenye mtoto wa maziwa atafanya namna gani.

Nikaanza kuona kwamba ikifika saa nne, mahali pa Masika pako wazi. Ungo wake upo, mwenyewe hayupo. Inapita karibu nusu saa, anarudi anafuta jasho, anainama, anachagua. Saa nane, tena. Wiki ya kwanza nikanyamaza. Wiki ya pili roho yangu ikachacha. Nikasema amezoea, anaona hapa ni kwa mama yake. Mtu mmoja akaniambia amemwona nyuma ya ukuta wa jirani, amekaa tu. Amekaa tu, nami nina lori la watu wa Kampala linangoja! Sikwenda kuangalia. Toka mlango huu mpaka ukuta ule ni hatua arobaini, Kahindo. Nilizipima baadaye.

Jumatatu asubuhi tukasimama duara. Nilikuwa nimeyatengeneza maneno tangu jana yake, wakati wa mahubiri. Nikafunga macho nikasema: "Ee Bwana, tunamkabidhi mikononi mwako dada yetu Masika. Mlango huu umeufunga, umfungulie mwingine. Aende kwa amani kuanzia leo." Maneno hayo hayo. Kisha Amina yako, ya kwanza kama kawaida. Kisha za wale mama, chini chini, moja moja. Na ya mwisho kabisa, peke yake, ya Masika.

Nilipofungua macho alikuwa anakunja kitenge alichokuwa anakalia. Akaweka ungo wake juu ya nyungo nyingine, akakugusa kichwani, akatoka. Ukaniuliza Tantine anakwenda wapi. Nikakujibu kwamba Mungu amempatia kazi pengine.

Baada ya kama wiki tatu ikafika barua ya kuniita kwa inspekta wa kazi. Nilikasirika, siwezi kukueleza. Mimi, mama wa kanisa, niitwe bureau ya serikali kama mtu aliyegombana sokoni. Baba yako akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia, akasema niende tu.

Inspekta alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kitabu chake cha sheria alikuwa amekifunika kwa plastiki ili kisichakae. Masika alikuwa kwenye benchi, mtoto mgongoni. Tukasalimiana. Akaniita Mama kama siku zote, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angekataa kunisalimia. Mzee akaniuliza barua ya kumfukuza iko wapi. Nikasema hakuna barua, ila kila saa nne na kila saa nane alikuwa anaacha kazi kwa uvivu.

"Sasa ulimuambia nini?"

"Tulimuombea."

Akavua miwani. "Mulimuombea. Na yeye alijibu nini?"

"Alisema Amina."

Sikuona kilichochekesha mpaka nilipoona karani wake amegeukia dirishani, mabega yanamcheza. Mzee mwenyewe hakucheka. Alikuwa anataka kuendelea, lakini mtoto akaanza kulia, na Masika akamzungusha mbele, akamfunika na kitenge, akamnyonyesha. Inspekta akafunga kitabu. Akaangalia saa ya ukutani, akakunja mikono, akangoja. Nami nikangoja. Kilikuwa kinasikika kile kitoto tu, kinakunywa na kupumua, kinakunywa na kupumua, mpaka kikaachia chenyewe na kulala. Mzee akaangalia saa tena.

"Mama," akaniambia, "sheria inamupa mama mwenye kunyonyesha nusu saa, mara mbili ku siku, ndani ya saa za kazi. Ile ulikuwa unaita uvivu ni hii tumeangalia sasa."

Dada yake Masika alikuwa anamletea mtoto nyuma ya ukuta wa jirani, kila saa nne na kila saa nane. Hiyo ndiyo habari yote. Mzee akanisomea na mengine, pole pole, bila kunitukana: kwamba hata pasipo karatasi mfanyakazi ni mfanyakazi, na kukosekana kwa karatasi ni juu ya mwajiri, kwamba mtu akiachishwa kazi anaambiwa sababu kwa maandishi, tena anapewa muda wa kujipanga. Nilikuwa sijui hata moja, na nilikuwa na watu kumi na tisa chini yangu. Kitu kimoja tu nilipata cha kujitetea. Nikasema Masika angeniambia, kwani si mtoto wangu? Mzee akamgeukia, akamwambia ajibu mwenyewe.

"Mama, ulikuwa unasema na Mungu," Masika akasema. "Miye haukuniuliza kitu. Nilisema Amina juu mutu hawezi kukatala sala."

Alipoulizwa anataka nini, akasema anataka kurudi kwenye kazi yake. Na kingine kimoja: nimwambie kosa lake mbele ya wale mama waliosikia, macho yangu yakiwa wazi.

Kesho yake tukasimama duara lile lile. Nilikuwa nimepanga kuanza na kosa lake dogo, kwamba hakuomba ruhusa ya kutoka, ili langu lisionekane liko peke yake. Nikamwangalia, naye akaniangalia, na koo likafunga kama nilivyokuambia. Nilitafuta lile kosa dogo nikalikosa, maana nani angeomba ruhusa kwa mtu anayejibu kwa sala? Nikasema: "Masika, hauna kosa. Sikukuuliza. Nimekukosea." Basi mama mmoja, kwa mazoea tu, akaitika Amina, na watu wote wakacheka, Masika naye akacheka mpaka akashika ukuta. Sijawahi kupenda kicheko cha watu kama nilivyokipenda kile. Wiki ile wote kumi na tisa wakaandikiwa karatasi, na pale nyuma, mbali na vumbi, baba yako akajenga kibanda cha kunyonyeshea. Wewe ulikigeuza duka la wanasesere wako, wakakufukuza.

Sasa lililobaki ndilo linaloniaibisha zaidi, na ndilo nililokuficha. Watu wakaanza kusema Mama Kahindo ana moyo, ameona amrudishe yule dada. Kanisani likatolewa mfano. Nikanyamaza. Mwaka ukapita, miaka ikapita, habari ikazidi kunenepa, na mimi nazidi kunyamaza. Siku ya diploma yako ulisimama mbele ya ukoo mzima ukasema umejifunza kusamehe wafanyakazi kwa mama yako, aliyemsamehe Masika. Watu wakapiga makofi. Masika alikuwa anagawa soda. Akaweka kreti chini, akapiga makofi naye. Nilitamani sakafu inimeze, lakini nilitabasamu. Ipo kwenye picha, nenda uitazame.

Hapana, Kahindo. Sikumsamehe mtu. Hakuwa na kitu cha kusamehewa. Nilimrudisha kwa sababu sheria ilinilazimisha, na bila ile sheria, mpaka leo ningekuwa namsimulia kama binti aliyenitupa. Moyo wangu ulikuja baadaye, unatembea nyuma ya sheria, unachelewa chelewa. Aliyesamehe ni yeye. Alikaa na mimi miaka yote hii bila kunirudishia hata neno moja, na asubuhi bado ananiletea chai kabla sijaomba.

Wewe unampenda, najua. Ndiyo maana jana uliogopesha moyo wangu. Usifikiri asubuhi ile ya sala nilikuwa namchukia. Nilikuwa nampenda kama leo. Upendo wangu haukumsaidia kitu kwa sababu ulikuwa wangu, naufungua na kuufunga ninavyotaka. Ile karatasi ilikuwa yake. Aliiweka chini ya godoro, na siku nilipoamka vibaya, nami nimeamka vibaya mara nyingi, ilikuwa pale pale. Nikikuambia ukweli, ni tangu alipopata karatasi ndipo alipoanza kunitania. Kabla ya hapo alikuwa ananiheshimu tu.

Basi leo asubuhi nimemwandikia contrat ya Mavivi mimi mwenyewe, mistari yote, saa za kazi, congé ya mapumziko, matibabu, nimeiweka juu ya begi lako uisome na kuitia sahihi. Nikajiona nimemaliza. Mais nimefika hapa na kalamu imesimama. Tangu tuanze kupanga habari za Mavivi, miezi mitatu sasa, wewe unasema "nitaenda na Tantine Masika", mimi nasema vizuri sana, atakutunza. Yeye alisema nini? Ninatafuta kichwani na sioni kitu. Tumemtafutia nyumba, tumempangia siku ya kusafiri, tumemwandikia mpaka karatasi. Ngoja kwanza. Nakwenda kumuuliza.

Nimerudi.

Alikuwa nyuma, anageuza kahawa iliyoanikwa. Nikamwambia aache kidogo, nikakaa juu ya gunia ili tuwe sawa. Nikamuuliza kama anataka kwenda Mavivi. Nikamwambia na hili, ili asiniogope: akikataa, kazi yake ya hapa inabaki yake kama ilivyoandikwa. Aliniangalia muda mrefu, mpaka nikataka kufunga macho, sikufunga.

"Hapana, Mama," akasema. "Sitaki."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema Kavugho ana examen d'État ya kumaliza sekondari mwaka huu, na mtoto hawezi kusoma akiwa anawaza barabara ya Beni wanakoviziwa watu, kama mama yake yuko huko na yuko namna gani. Nikamuuliza mbona siku zote hizi hakusema. Akaokota punje moja mbovu, akaitupa pembeni.

"Hamukuniuliza."

Kisha akacheka, kile kicheko chake. "Mais umuambie Kahindo nitamutembelea mu congé yangu. Congé niko nayo, hapana?" Nikamwambia anayo, tena imeandikwa. "Basi anitafutie kitanda," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Najua utaumia. Kesho kutwa utasimama mbele ya mama kumi na wanne usiowajua, bila ule mgongo uliokubeba. Mimi pia nimelia kidogo pale nyuma, nikasema ni vumbi, na Masika hakuniamini. Lakini nimefurahi pia, na siwezi kukuficha. Ametuambia hapana sisi wawili, mchana kweupe, na akaendelea na kazi. Usiende kumbembeleza. Usimwambie anakuacha peke yako. Ukimpa mkono asubuhi, umwambie wasingya, asante ya kwetu, na umwahidi kitanda.

Huko Mavivi asubuhi ya kwanza watataka kuomba. Ni watu wa Beni, wamepita mambo mengi, sala yao usiiguse. Mwachie mmoja wao aongoze, wewe ufunge macho usikilize kama wengine. Na siku ukiwa na neno na mtu, ungoje mpaka wote wamefungua macho, kisha umwite pembeni, umuulize kwanza. Utaona koo linafunga. Umelirithi kwangu hilo koo, nimekuona.

Nilikuwa nataka kuficha barua hii kati ya vitenge vyako, uikute ukishafika. Sasa naona ni ujanja wangu ule ule: nasema peke yangu mpaka nimalize, na wewe uko mbali huwezi kunijibu. Basi ukirudi kutoka kwa mashangazi zako nitakupa mkononi. Nitakaa mbele yako wakati unasoma. Uniulize chochote, na kama una neno gumu ambalo hujawahi kuniambia, usiende nalo Mavivi. Nitakuwa nakuangalia, mwanangu, na sitafunga macho.

Mama yako